Kiapo na Daftari

Arusi ya kanisa Katoliki ina wakati mtukufu na wakati mkavu. Wakati mtukufu ni ule ambapo bwana arusi na bibi arusi husimama mbele ya altare, wakashikana mikono ya kuume, na kila mmoja akamwahidi mwenziwe uaminifu katika raha na katika taabu, katika afya na katika ugonjwa, mpaka mwisho wa maisha. Wakati mkavu ni ule unaofuata. Padre huwaita mezani, wasimamizi huwafuata, kalamu hutolewa, majina husomwa, sahihi hutiwa, na habari za ndoa huwekwa tayari kwenda kwa msajili wa serikali. Wageni wengi hawaitazami meza ile. Hata miongoni mwa maarusi wako waionao kuwa ni ushuru unaotozwa mlangoni mwa furaha.

Katika tofauti ya nyakati hizi mbili limo swali ambalo si dogo. Kama Mungu amekishuhudia kiapo, serikali inashuhudia nini tena? Kama neno limekwisha kusemwa kwa moyo safi, wino unaliongezea nini? Wako wajibuo upesi kwamba wino hauongezi kitu, na kwamba mapenzi yanayohitaji muhuri ni mapenzi yenye mashaka. Wako pia wajibuo, upesi vile vile, kwamba pasipo cheti hapana ndoa, na kwamba yote yaliyofanywa altareni ni pambo tu. Majibu yote mawili yana kosa, na kosa la kila moja humdhuru mtu.

Kabla ya kulipima swali, yafaa mambo yenyewe yajulikane. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa ya nia yao kwa uchache siku 21 kabla ya ndoa. Taarifa hiyo hutangazwa, ili mwenye kujua kizuizi apate nafasi ya kusema. Kiongozi wa dini anayefungisha ndoa sharti awe na leseni ya kazi hiyo. Mashahidi wasiopungua wawili sharti wawepo. Ndoa ikiisha kufungwa, sharti isajiliwe. Kwa hiyo padre aliyevaa kanzu na stola katika saa ile huwa ni mtumishi wa altare na tena ni mtumishi wa sheria, na tendo moja hupata nguvu mahali pawili.

Kanisa nalo lina taratibu zake. Maarusi hufundishwa, huzungumza na paroko, huleta vyeti vya ubatizo, na majina yao hutangazwa mbele ya waumini. Mtu akizilinganisha taratibu hizi na zile za serikali ataona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili huuliza maswali yale yale: Ninyi ni nani? Je, mmoja wenu amefungwa tayari kwa mwingine? Je, mnakuja kwa hiari? Nani anajua sababu ya kuwazuia? Udugu huu haukutokea kwa bahati, na asili yake ndiyo inayolifungua swali lote.

Fundisho la Kanisa la Magharibi ni kwamba ndoa hufanywa na ridhaa. Padre hawapi maarusi ndoa; wao wawili ndio wapeanao, naye huipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1983 zasema, katika kanuni ya 1057, kwamba ridhaa hiyo haiwezi kutolewa na uwezo wowote wa kibinadamu kwa niaba yao. Basi hapo mwenye kuidharau karatasi huona amepata silaha. Husema: Maadamu hata padre ni shahidi tu, karani wa serikali ni nani? Mume amesema, mke amesema, Mungu amesikia, kimebaki nini?

Hoja hii ina sura nzuri, lakini imekwisha kujaribiwa, na matunda yake yanajulikana. Kwa karne nyingi Kanisa lilikubali kwamba ndoa iliyofungwa kwa siri, bila padre wala shahidi, ilikuwa ndoa ya kweli, ijapokuwa ilikatazwa. Mwanamume aliweza kumwapia mwanamke penye faragha, wakawa mume na mke mbele ya Mungu. Baadaye akamchoka, akaenda kanisani mchana kweupe, akamwapia mwingine mbele ya watu wote. Yule wa kwanza alikuwa na kiapo, lakini hakuwa na ushahidi. Alipokwenda kushtaki, neno lake lilikuwa moja na neno la mwanamume lilikuwa moja, na hakimu hakuwa na mizani ya kuyapimia. Hivyo mke wa haki alirudi kwao kwa aibu, na mzinifu akakaa katika nyumba yenye baraka.

Ubaya huu ndio uliowasukuma maaskofu wa Mtaguso wa Trento. Mwezi wa Novemba mwaka 1563 walitoa amri iitwayo Tametsi, ambayo yenyewe yawataja wanaume waliomwacha mke wa siri na kumwoa mwingine hadharani. Tangu hapo, kila mahali amri ilipotangazwa, ndoa ilitakiwa itangulie kutangazwa siku tatu za sikukuu, ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na paroko awe na kitabu cha kuandikia majina ya waliooana na ya mashahidi, pamoja na siku na mahali. Jambo hili lastahili kutazamwa vizuri. Wala si karani wa serikali aliyelileta daftari katika ndoa ya Kikatoliki. Lililetwa na maaskofu, na hawakulileta kwa kukosa imani katika kiapo. Walilileta kwa kuwajua wanaume.

Hata amri hiyo iliacha mwanya. Ilimtaka paroko awepo, lakini haikumtaka akubali. Alessandro Manzoni, mwandishi wa Italia, aliutumia mwanya huo katika riwaya yake I promessi sposi, ambamo vijana wawili wa Lombardia ya karne ya 17 hujaribu kumwingilia paroko nyumbani kwake usiku na kuyatamka maneno ya ndoa kabla hajakimbia. Kisa hicho huchekesha, lakini sheria iliyokizaa ilikuwa sheria ya kweli. Mwanya ulizibwa mwaka 1907 kwa amri ya Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908: padre sharti aulize na apokee ridhaa kwa hiari yake, pasipo kulazimishwa. Kila hatua ya Kanisa katika njia hii ilikuwa ni kukitoa kiapo gizani na kukileta nuruni.

Walakini haifai kusema kwamba kila daftari ni jema. Serikali zilipolitwaa jambo hili, baadhi yao zililitumia kama fimbo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1753, ilitaka kila ndoa ifungwe katika kanisa rasmi la nchi, isipokuwa ndoa za Wayahudi na za Waquaker. Mkatoliki aliyeapa mbele ya padre wake tu hakuwa na mke machoni pa sheria, na ilimlazimu asimame mbele ya altare isiyo ya imani yake ili watoto wake wawe wa halali. Uzito huo haukuondolewa mpaka sheria ya mwaka 1836 ilipowapa nafasi ya kuoana katika makanisa yao. Ufaransa ilishika njia nyingine. Sheria ya tarehe 20 Septemba 1792 ilizihamisha habari za uzazi, ndoa na mauti kutoka katika vitabu vya parokia, ikazitia katika vitabu vya manispaa. Huko mpaka leo arusi ya ofisini hutangulia, na padre anayefungisha ndoa kwa mazoea kabla ya kuonyeshwa hati ya serikali hutenda kosa la jinai.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1917, katika himaya ya Waingereza ambayo leo ni Kenya, lilihukumiwa shauri la Amkeyo. Swali lilikuwa kama mwanamke aliyeolewa kwa mila ya Kiafrika aliweza kuhesabiwa mke, asilazimishwe kutoa ushahidi juu ya mumewe. Jaji Hamilton alikataa. Aliona kwamba muungano ule haukustahili jina la ndoa, bali ulikuwa kama ununuzi wa mke. Kwa hukumu moja, nyumba zisizohesabika zilizojengwa kwa ridhaa ya koo mbili zilinyimwa jina lao. Mtu akiyakumbuka hayo hawezi kumlaumu mzee wa kijijini aliyeutazama muhuri wa serikali kwa jicho la shaka. Mkono ushikao daftari waweza kuandika, na waweza pia kufuta.

Basi kama serikali imewahi kudhulumu kwa daftari, je, si afadhali kiapo kikae peke yake mikononi mwa Mungu na Kanisa? Jibu la swali hili limo katika habari ya Wakatoliki ambao hawakuruhusiwa kuwa na kitu kingine ila kiapo. Katika jimbo la Maryland, Marekani, mapadre wa shirika la Wajesuiti walikuwa na mashamba na watumwa. Watumwa hao walibatizwa, wakafungishwa ndoa, na ndoa zao zilikuwa sakramenti kamili kwa mafundisho ya Kanisa. Mbele ya sheria ya utumwa, lakini, kiapo chao hakikuwa na nguvu ya kumzuia mwenye mali. Mwaka 1838 mkuu wa Wajesuiti wa Maryland, Thomas Mulledy, aliwauza watu 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana kwa dola 115,000. Mkuu wa shirika lote huko Roma, Jan Roothaan, alikuwa ameweka sharti kwamba jamaa zisitenganishwe. Sharti halikutimizwa kwa wote. Wako waliotenganishwa na wapenzi wao, na hakuna mahakama waliyoweza kuiendea. Alichokiunganisha Mungu kilitenganishwa na mkataba wa mauzo, na walioutia sahihi mkataba huo ndio waliohubiri kwamba hakitenganishwi.

Hapo kiapo hakikuwa na upungufu wowote. Kilisemwa, kilibarikiwa, kilishuhudiwa. Kilichokosekana ni mtu wa nje, mwenye nguvu, aliyefungwa kwa sheria kusema: Huyu ni mke wa huyu, msimguse. Ndiyo maana vita vilipokwisha na utumwa ukafutwa mwaka 1865, waliokuwa watumwa waliziendea ofisi za idara ya serikali iliyoundwa kwa ajili yao, wakaandikisha ndoa walizokuwa wamekaa nazo miaka mingi. Wengine walikuwa wamezeeka. Hawakwenda kuanza kupendana siku ile, wala hawakudhani kwamba karani ndiye aliyewaoza. Walikwenda kwa sababu walijua, kuliko mtu yeyote aliye huru tangu kuzaliwa, thamani ya karatasi waliyonyimwa.

Kutokana na habari hizi kosa la kila upande huonekana. Aliyesema kwamba pasipo cheti hapana ndoa hukanushwa na wake na waume wa Maryland, na hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania yenyewe humkanusha. Sheria hiyo husema kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake ya lazima haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa, au kwa kuwa taarifa yake ilikuwa na kasoro. Tena hudhani kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kuwa mume na mke wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Hivyo sheria yenyewe yakiri kwamba daftari si mama wa ndoa. Ni mlinzi wake.

Aliyesema kwamba wino hauongezi kitu naye hukanushwa na mlinzi huyo huyo. Karatasi haikuwekwa kwa ajili ya siku za mapenzi. Mume na mke wapatanao hawaulizani cheti. Karatasi iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo mmoja amekufa, au ametoroka, au amekana. Siku hiyo aulizwaye cheti si mwenye nguvu. Ni mjane anayedaiwa na shemeji zake funguo za nyumba. Ni mtoto anayeambiwa kwamba hakuzaliwa katika ndoa. Ni mke aliyeachwa na mume aliyekwenda kuoa mji mwingine. Bila cheti, mjane hujitahidi kuwakusanya mashahidi. Padre amehamishwa au amefariki. Msimamizi mmoja hajulikani alipo. Mwingine ni ndugu wa marehemu, naye amesahau ghafula. Haki yake haikupotea, lakini imefukiwa, na amepewa kazi ya kuifukua kwa mikono mitupu katika siku zake za msiba. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ikiwa hivyo, mtu je?

Limebaki shauri gumu zaidi, ambalo mapadre wa nchi nyingi hulijua. Mjane mwenye umri mkubwa, apokeaye pensheni ya marehemu mumewe ambayo hukoma akiolewa tena, hupata mzee mwenziwe wa kukaa naye. Hawataki kuishi katika dhambi, wala hawataki kupoteza chakula chao. Humwendea padre wakamwomba awafungishe ndoa altareni tu, serikali isijue. Sheria za Kanisa humkataza padre, pasipo ruhusa ya askofu, kufungisha ndoa isiyoweza kutambuliwa au kufungwa kwa sheria ya nchi. Sheria hizo hizo huacha pia njia ya ndoa ya siri, ambayo askofu aweza kuiruhusu kwa sababu nzito na ya haraka, na habari zake huandikwa katika kitabu maalumu cha siri. Hata siri ya Kanisa ina daftari lake.

Katika shauri hili kipimo ni kimoja: yafaa kuulizwa kama sheria inanyima haki au inadai ukweli. Sheria iliyomkataza mtumwa kuwa mume ilinyima haki, na padre aliyembariki mtumwa bila sheria alifanya vema. Kosa la mapadre wa Maryland halikuwa katika baraka, lilikuwa katika mauzo. Lakini sheria imwambiayo mtu asimame hadharani na kusema kwamba ameoa hainyimi haki yoyote. Inadai neno moja tu, nalo ni la kweli. Atakaye kuwa mke Jumapili kanisani na mjane Jumatatu mbele ya mlipaji wa pensheni amekigawa kiapo chake sehemu mbili, na sehemu moja ni uongo. Huruma yampasa, na lawama yaipasa sheria inayomwadhibu mzee kwa kuoa; lakini dawa ya sheria mbaya ni kuibadilisha, na uongo si dawa yake.

Tena yuko kijana asiye na pensheni wala dhiki, asemaye kwamba yeye yatosha aapwe mbele ya Mungu, mambo ya serikali yatafuata. Maneno yake huonekana kuwa ya ucha Mungu. Yafaa bibi arusi ajiulize kwa nini mtu aliye tayari kumhusisha Mungu wa milele ana haya kumhusisha msajili wa wilaya. Mungu husubiri siku ya mwisho, lakini mahakama humwita mtu wiki ijayo. Akimbiaye shahidi wa karibu na kumkubali shahidi wa mbali tu yamkini hakumchagua huyo wa mbali kwa imani.

Wako Wakatoliki wengine wenye hofu ya heshima zaidi. Serikali huruhusu talaka, Kanisa haliruhusu. Basi kutia sahihi katika hati ya serikali si kuikubali talaka tangu siku ya kwanza? Sivyo. Sheria ya mwaka 1971 huieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Atiaye sahihi hutia sahihi chini ya kusudi hilo. Kuwapo kwa mlango hakumlazimishi mwenye nyumba kutoka.

Hata hivyo, yeye adaiye karatasi ana deni lake pia. Serikali ikiitaka ndoa iandikwe, sharti iilete ofisi karibu na maskini, ipunguze gharama, na isimzungushe mtu kwa barua hii na muhuri ule mpaka siku ya arusi ikapita. Utaratibu uliowekwa kumlinda mnyonge, ukiwa mzito kiasi cha kwamba ni mwenye fedha tu awezaye kuubeba, umegeuka na kumkanyaga huyo huyo. Deni la padre halipungui. Asomaye Misa kwa bidii na kuziacha karatasi za ndoa zikae miezi katika sanduku la meza, akidhani kwamba hizo ni kazi za dunia, ameisahau sababu iliyowafanya maaskofu wa Trento wampe kalamu. Jina ambalo hakulipeleka litatafutwa siku moja na mjane, wala halitaonekana.

Basi meza ile ndogo iliyo kando ya altare haiko mbali na altare kama wageni wadhanivyo. Altareni mtu hutoa neno. Mezani hukubali kushikwa kwa neno lile. Kutoa ni rahisi penye nyimbo na maua. Kukubali kushikwa ni tendo la kwanza la ndoa lililo na gharama, kwa kuwa atiaye sahihi humpa mwenziwe silaha ambayo yaweza kutumika juu yake, naye humpa kwa kupenda, siku ambayo hana nia ya kukosa. Ahadi ni deni. Na mwenye nia ya kulilipa deni lake haogopi kuandikwa.